Samaki Mkunje Angali Mbichi: Historia Fupi ya Kujaribu Programu Kabla ya Kutolewa Rasmi

Miaka michache iliyopita tuliletewa programu ya kusajili wanafunzi ili tukague Kiswahili chake. Ilikuwa siku ya Jumatatu, na programu ilipangwa kuzinduliwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Tulikaa na wanafunzi wetu wanne mbele ya kompyuta moja, tukaanza kuibonyeza huku na huku. Saa ya kwanza haikuisha kabla ya skrini kutuandikia hivi: "Mwanafunzi 3 amesajiliwa." Mmoja wa wanafunzi alicheka, kisha akasema kwamba hata mtoto wa chekechea wa Nyamirambo asingesema hivyo.

Tuliliandika kosa hilo pamoja na mengine mengi ya aina yake, tukayapeleka kwa waundaji. Jibu lilikuja kwa heshima lakini lilikuwa fupi. Maneno ya kwenye vitufe yangeweza kubadilishwa jioni ile ile. Sentensi ile, hata hivyo, ilikuwa imeundwa ndani kabisa ya programu, na programu ilikwisha kufungwa. Ijumaa ilipofika ikazinduliwa kama ilivyokuwa.

Tulijiuliza kosa letu lilikuwa wapi, kwa sababu kazi tuliyopewa tuliifanya kwa bidii. Baada ya kusoma kidogo historia ya jambo hili tumeona kwamba kosa halikuwa katika ukaguzi wetu. Lilikuwa katika hatua tuliyoitiwa. Makala haya yanakusudia kueleza hatua ambazo programu ya kompyuta hupitia kabla ya kutolewa rasmi, majina ya hatua hizo yalikotoka, na jinsi hatua hizo zilivyofanya kazi hapa kwetu Afrika Mashariki. Nia yetu ni kuonyesha kwamba mahali mtumiaji anapoitwa katika safari hiyo ndipo panapoamua kama neno lake litabadilisha kitu au la.

Hatua zenyewe

Tuanze na mfano wa fundi nguo. Fundi mzuri hukata vitambaa na kupima kila kipande peke yake: mkono, kola, mgongo. Kisha huviunganisha kwa mshono mwepesi wa kushikiza. Baadaye humvalisha mteja nguo ambayo haijakamilika, akamwambia ainue mikono, ageuke, akae. Hapo ndipo inapoonekana kwamba kwapa linabana. Mwisho hushona mshono wa kudumu, hupiga pasi na kukabidhi.

Waundaji wa programu hufuata njia inayofanana na hiyo. Kwanza kila kipande kidogo cha programu hujaribiwa peke yake, kwa kawaida na yule yule aliyekiandika. Pili, vipande huunganishwa, nao huangalia kama vinasikilizana, maana vipande viwili vizuri vinaweza kugombana vikikutanishwa. Tatu, mfumo mzima hujaribiwa kama kitu kimoja: je, unastahimili watu wengi kwa mpigo? Umeme ukikatika katikati ya kazi, kumbukumbu zinabaki? Nne, watumiaji wenyewe huitwa kuangalia kama mfumo unafanya kile walichokihitaji.

Sambamba na hatua hizo kuna majina wanayopewa matoleo yanayotokea njiani. Toleo la alfa huwa bado bichi. Hutumiwa ndani ya nyumba ya waundaji, na karibu kila kitu ndani yake kinaweza kugeuzwa. Toleo la beta hutoka nje na kupewa watu wachache au wengi walio tayari kuvumilia makosa na kuyaripoti. Linalofuata ni toleo ambalo waundaji wanaamini limekamilika, ambalo litakuwa rasmi iwapo hakuna kosa kubwa litakaloonekana. Katika idara yetu tumezoea kuliita toleo tarajiwa. Mwisho kabisa hutoka toleo rasmi.

Ikumbukwe kwamba kadiri hatua zinavyosonga mbele, ndivyo mlango wa mabadiliko unavyozidi kuwa mwembamba. Katika alfa unaweza kuhamisha ukuta. Katika beta unaweza kubadilisha mlango. Katika toleo tarajiwa umebaki na rangi tu. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na sisi tulipewa samaki aliyekwisha kukauka.

Majina yalikotoka

Wanafunzi hutuuliza kwa nini mambo haya yanaitwa kwa herufi za Kigiriki. Maelezo yanayojulikana zaidi yanatupeleka kwenye kampuni ya IBM ya Marekani katika miaka ya 1950, enzi ambapo kompyuta ilijaza chumba kizima. Huko bidhaa mpya ilipita katika majaribio matatu yaliyoitwa kwa herufi. Jaribio la A lilifanywa kabla ya bidhaa kutangazwa kwa umma. Jaribio la B lilifanywa kabla ya kuruhusu kiwanda kuanza kuitengeneza. Jaribio la C lilikuwa la mwisho, kabla ya kumfikia mnunuzi. Baadaye watu wengine waliichukua desturi hiyo, wakazigeuza A na B kuwa alfa na beta, na majina yakaenea duniani hata pale ambapo chanzo chake kilisahaulika.

Neno jingine linaloulizwa sana ni mdudu, kwa maana ya kosa ndani ya programu. Wengi wanasimulia kisa cha tarehe 9 Septemba 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambapo nondo alikutwa amenasa ndani ya kompyuta ya Mark II, akabandikwa kwenye daftari la kazi. Kisa hicho ni cha kweli, ila jina halikuanzia hapo. Mafundi wa umeme walikuwa wakiyaita makosa ya mitambo wadudu tangu karne ya 19. Ndiyo maana waliomkuta nondo yule waliona jambo la kuchekesha: safari hii mdudu alikuwa mdudu kweli.

Kadiri programu zilivyozidi kuwa ndefu, ndivyo wataalamu walivyogundua kwamba kujaribu hakumalizi makosa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza kwamba jaribio linaweza kuthibitisha kuwa kosa lipo, lakini haliwezi kamwe kuthibitisha kuwa makosa hayapo. Kwa maneno mengine, unapojaribu programu unapata jibu la hali ulizozijaribu tu. Hali ambayo hukuifikiria itakusubiri barabarani.

Mfano unaotajwa kila mara katika somo hili ni roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5, iliyorushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Kifaransa, tarehe 4 Juni 1996. Haikumaliza hata dakika moja kabla ya kupotea njia na kulipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka roketi iliyotangulia, Ariane 4, ambako ilifanya kazi bila tatizo. Roketi mpya iliruka kwa mwendo mwingine, ikazalisha namba kubwa kuliko ile sehemu ya programu ilivyoweza kubeba. Programu ile haikuwahi kujaribiwa kwa njia ya safari ya Ariane 5. Ilifaulu mtihani wa mwenzake. Tunaomba msomaji aushike mfano huu, kwa sababu tutaurudia tutakapofika Rwanda.

Nairobi na Thika, 2005

Huku kwetu, jaribio lililobadilisha maisha ya watu wengi zaidi pengine ni lile la M-Pesa. Watu wengi hudhani M-Pesa ilianza Machi 2007, siku Safaricom ilipoizindua Kenya nzima. Kwa hakika ilikuwa imekwisha kuishi maisha mengine kabla ya hapo.

Wazo la kwanza, lililoanzia kwa watu wa kampuni ya Vodafone na kusaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, lilikuwa jembamba sana. Lilihusu mikopo midogo. Mkopaji angepokea mkopo na kuulipa kwa simu badala ya kubeba noti hadi kwenye mkutano wa kikundi chake. Jaribio lilianza Oktoba 2005 likaendelea mpaka Mei 2006. Lilihusisha wateja wasiozidi 500 wa shirika la mikopo la Faulu Kenya, na maduka 8 tu ya mawakala, katika maeneo ya Nairobi na Thika.

Wateja walifundishwa kuweka fedha, kutoa fedha na kulipa mkopo. Lakini wasimamizi walipoangalia kumbukumbu za mfumo waliona watu wakifanya mambo ambayo hakuna aliyewafundisha. Wafanyabiashara walikuwa wakilipana wao kwa wao. Wengine waliacha fedha ndani ya simu usiku kucha kama kwenye kabati la chuma, wakazitoa asubuhi. Wengine waliweka fedha kabla ya kupanda gari na kuzitoa walipofika mwisho wa safari, ili wasinyang'anywe njiani. Wengine walinunua muda wa maongezi kwa simu zao na kuwatumia jamaa walioko mashambani. Na kile kilichokusudiwa, yaani ulipaji wa mikopo ya vikundi, ndicho kilicholeta usumbufu. Hesabu za shirika la mikopo na hesabu za simu hazikulingana kwa urahisi, na mkutano wa kikundi, ambao ndio uti wa mgongo wa mikopo ile, ulianza kupoteza sababu ya kufanyika.

Hapa ndipo somo lilipo. Waundaji wangeweza kusema kwamba watumiaji wanakosea, wakafundishwa tena. Badala yake walikubali kwamba jaribio limejibu swali ambalo halikuulizwa. Mwaka 2007 bidhaa iliyozinduliwa haikuwekwa mbele kama chombo cha mikopo. Ilitangazwa kwa ahadi moja rahisi: kutuma fedha nyumbani. Kabla ya mwaka huo kwisha waliojisajili walipita milioni 1.

Wateja wale wa Nairobi na Thika hawakuwa wahandisi. Hawakuulizwa maoni kuhusu kompyuta. Waliitwa mapema tu, wakati mlango ungali wazi, na matumizi yao ya kila siku yakawa hoja.

Tuongeze jambo moja ili tusije tukadanganyika. Mwaka 2008 M-Pesa ilipelekwa Tanzania kupitia Vodacom. Watu ni majirani, lugha ni ileile, na jina la bidhaa ni lilelile. Hata hivyo mwanzo wake ulikuwa wa polepole zaidi kuliko Kenya. Nchi ni kubwa, wakazi wametawanyika, mawakala walikuwa mbalimbali, na soko la simu liligawanyika baina ya kampuni kadhaa. Ilibidi wajifunze upya mahali pale ndipo huduma ikashika. Roketi ya Kourou inatukumbusha jambo hilohilo: kufaulu huko si kufaulu huku.

Kompyuta ya kijani

Sasa tuje Rwanda. Waalimu na wanafunzi wengi wanaosoma jarida hili waliwahi kuiona, au kuigusa, kompyuta ndogo ya kijani na nyeupe yenye masikio mawili, iliyogawiwa katika shule zetu za msingi. Jina lake ni XO, na ilitoka katika mradi wa Kompyuta Moja kwa Kila Mtoto uliotangazwa na Nicholas Negroponte mwaka 2005. Sababu ya kuizungumzia hapa ni kwamba mashine hiyo ilipita katika majaribio yaliyoitwa kwa herufi zilezile za zamani: A, B na C.

Mwanzo wake ulikuwa wa aibu kidogo. Novemba 2005, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Tunis, mfano wake ulionyeshwa ukiwa na mkono wa kuzungusha ili kuzalisha umeme. Kama ilivyoripotiwa, Kofi Annan, wakati huo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipouzungusha mkono huo ulimng'okea. Mkono wa kuzungusha haukuonekana tena katika mwili wa mashine zilizofuata. Hilo nalo lilikuwa jaribio, ingawa halikupangwa.

Mwaka 2006 zilitoka bodi za jaribio la A, zikiwa tupu bila kasha, kwa ajili ya wahandisi. Kuanzia Novemba 2006 zikafuata mashine za B, nazo zilitoka kwa awamu nne: B1, B2, B3 na B4. Baadhi yake zilipelekwa kwa watoto, kwa mfano katika shule ya Galadima, Abuja, nchini Nigeria. Kati ya awamu na awamu mashine ilibadilika sana. B1 ilikuwa na megabaiti 128 za kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kufikia B3 zilikuwa 256, pamoja na kichakato chenye kasi zaidi. Baada ya hapo lilikuja jaribio la C, na mwezi wa Novemba 2007 kiwanda kikaanza uzalishaji mkubwa. Programu zake nazo zilipita njia hiyo, kwa matoleo ya majaribio yaliyofuatana mpaka toleo la kwanza la kusafirishwa.

Serikali ya Rwanda ilitangaza nia ya kujiunga na mradi Januari 2007, wakati mashine za B zikijaribiwa. Ugawaji mkubwa ulianza mwaka 2008 na kuendelea, na mwaka 2009 kituo cha mafunzo yake kikawekwa hapa Kigali, katika taasisi iliyoitwa KIST, ambayo tangu 2013 ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Miaka ilivyokwenda, mashine zilizogawiwa zilipita 100,000.

Hapa tuitazame kalenda kwa makini. Oktoba 2008, wakati mashine zikianza kuingia, Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia badala ya Kifaransa. Mwaka 2011 Kinyarwanda kikarudishwa kufundishia miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Mwishoni mwa 2019 ikaamuliwa tena kwamba Kiingereza kianze tangu darasa la kwanza. Mwalimu wa kijijini aliyesomea kazi yake kwa Kifaransa alijikuta anajifunza mambo mawili kwa wakati mmoja, mashine mpya na lugha mpya, mbele ya watoto wanaozungumza Kinyarwanda. Umeme wa kuchaji ulikuwa tatizo jingine kwa shule nyingi.

Hatusemi mradi haukuwa na faida. Tumewaona vijana waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza kupitia XO na leo wanafanya kazi za kompyuta. Tunachosema ni kwamba darasa la Abuja halikuweza kumwonyesha mtu yeyote hali ya darasa la Rwanda lililo katikati ya kubadilisha lugha. Kwa watoto wetu walio wengi mashine ilifika baada ya C, umbo lake likiwa limekwisha kuamuliwa. Kilichobaki wazi ni tafsiri ya maneno ya skrini, ambayo iliachiwa watu wa kujitolea. Yaani tuliitwa wakati wa rangi.

Lugha huingia hatua ipi?

Turudi sasa kwenye sentensi yetu, "Mwanafunzi 3 amesajiliwa." Kwa nini haikuweza kurekebishwa siku ile?

Mwandishi wa programu alifikiri katika lugha ambayo kitenzi hakijali sana nomino. Akaunda kiunzi kimoja: nafasi ya nomino, nafasi ya namba, kisha neno la mwisho lisilobadilika. Kwake yeye nafasi ya nomino ingejazwa na mwanafunzi, kitabu au somo, na sentensi ingesimama. Lakini sisi tunajua kwamba mwanafunzi 1 amesajiliwa na wanafunzi 3 wamesajiliwa. Kitabu 1 kimesajiliwa na vitabu 3 vimesajiliwa. Somo 1 limesajiliwa na masomo 3 yamesajiliwa. Ngeli hutawala sentensi nzima. Kinyarwanda nacho ni vivyo hivyo: umunyeshuri huwa abanyeshuri, igitabo huwa ibitabo, na kitenzi hufuata. Kiunzi kimoja hakitoshi, na hakuna tafsiri ya neno moja moja itakayokiponya. Dawa yake ni kuandika sentensi kamili kwa kila hali, na uamuzi huo hufanywa katika alfa.

Mfano wa pili ni saa. Mzungumzaji wa Kiswahili husema saa 1 asubuhi pale skrini inapoandika 7:00, na jirani yake wa Kinyarwanda husema saa moya za mu gitondo, akimaanisha saa hiyo hiyo. Programu ya miadi ya hospitali isiyolijua hili inaweza kumleta mgonjwa saa sita kabla au baada ya wakati wake. Mtafsiri hawezi kulitatua kwa kubadilisha neno "saa".

Historia inatuonyesha kwamba Kiswahili kimewahi kuingia kwenye kompyuta kwa njia nzuri. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa kuwa ilikuwa programu huria, msimbo wake uliweza kufunguliwa na yeyote, na watafsiri walianza kwa kujenga orodha ya istilahi kabla ya kugusa skrini. Katikati ya muongo huo huo Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili kwa Windows XP na Office 2003, kwa istilahi zilizoandaliwa na wanaisimu wa Afrika Mashariki. Mabishano ya wakati ule bado tunayo: kompyuta au tarakilishi? Kipanya au puku? Nywila au neno la siri?

Mabishano hayo mara nyingi humalizwa mezani na wataalamu. Sisi tulijaribu njia nyingine. Tulichukua orodha fupi ya istilahi tukaenda na wanafunzi Nyamirambo na Biryogo, mitaa ambayo Kiswahili kimezungumzwa Kigali tangu zamani, tukawauliza wauza simu na wateja wao. Hatukuwaambia maana, tuliwapa neno na kuwauliza watabonyeza wakitarajia nini. Wengi waliduwaa mbele ya "nywila". Waliposikia "neno la siri" walijibu papo hapo. "Hifadhi" lilieleweka na vijana, ilhali mama mmoja mwenye duka alidhani ni mbuga ya wanyama, nasi hatukuweza kumwambia amekosea. Asubuhi moja ya namna hiyo ilitufundisha zaidi ya vikao viwili vya kamati. Lile lilikuwa jaribio la beta la maneno, lililofanyika bila hata kompyuta.

Tufanye nini?

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Tangu wakati huo maombi ya kutafsiri yameongezeka mezani kwetu, na mengi huja siku chache kabla ya uzinduzi. Tunaona ni wajibu wetu sasa kuyajibu kwa swali: programu hii iko hatua gani? Ikiwa bado ni alfa, tupeni michoro na sentensi zote, tuwaonyeshe ngeli zitakapovunjika. Ikiwa ni beta, tupeni nafasi ya kuwapelekea watu wa sokoni. Ikiwa ni toleo tarajiwa, tutasahihisha maneno, lakini tutaandika wazi kwamba tumekagua rangi tu, nyumba hatukuikagua.

Kwa bahati njema tunao mfano wa karibu wa watu walioitwa mapema. Kuanzia mwaka 2019, hapa Kigali, Digital Umuganda ilishirikiana na Mozilla kukusanya sauti za Kinyarwanda kwa ajili ya mradi wa Common Voice. Jina lilichaguliwa vizuri, maana umuganda ni ile kazi ya pamoja tunayoifanya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watu wa kawaida walisoma sentensi kwa sauti zao na kusikilizana, na saa zilizokusanywa zikapita 2,000, kiasi ambacho lugha nyingi kubwa za dunia hazijafikia katika mradi huo. Mwaka 2021 kazi kama hiyo ilianza kwa Kiswahili. Hawa hawakungoja mashine imalizwe ndipo waulizwe kama inawasikia. Sauti zao ni sehemu ya msingi wake.

Wanafunzi wetu wa Kiswahili huuliza watapata wapi kazi. Tunawajibu kwamba mojawapo iko katika chumba cha waundaji wa programu, siku ya kwanza, wakati sentensi bado zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Hawahitaji kuwa wahandisi, kama wateja wale wa Thika walivyokuwa si wahandisi. Wanahitaji kujua ngeli, kujua jinsi watu wa mtaani wanavyosema, na kuwa na ujasiri wa kusema neno hili halikai vizuri, kabla mshono haujawa wa kudumu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu ile ya usajili bado inatumika. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo huwaandikia wanafunzi wapya kwamba mwanafunzi 200 amesajiliwa, nasi huitumia katika kipindi cha kwanza cha somo la ngeli.